Doa Lisilopitisha Mwanga

Chwap.

Sauti moja tu, usiku, katika nyumba iliyolala. Haikuwa mlango. Haikuwa panya. Ilikuwa kama mtu anayebandua kisigino kutoka kwenye matope, polepole, ili asisikike.

Kambere aliisikia akiwa kitandani, na aliijua. Ni sauti ya mashine yake. Lakini umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu jioni, na waya wa mashine alikuwa ameuchomoa kwa mkono wake mwenyewe.

Kambere ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Anatengeneza simu hapa Butembo, katika chumba cha mbele cha nyumba yao, na yaliyompata nitayasimulia tangu mwanzo, maana mwanzo wake ulikuwa siku ya kawaida kabisa, Jumapili, watu wametoka misa, sombe ya majani ya muhogo iko jikoni.

Kabla ya hapo, jambo moja. Mama mkubwa Séphora, mtaani anaitwa Mama Kambere. Mgeni hataona ajabu. Lakini sisi Wanande tunawapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake. Mtu akijitaja tu, umeshajua alitanguliwa na nani. Kambere ni jina la wa pili. Na mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Wa kwanza alikwenda Mutwanga kuvuna kakao kwenye shamba la familia. Msimu ule watu wenye silaha waliingia mashambani. Hakurudi. Mlinzi mmoja wa hifadhi alituletea buti la mpira, moja, la mguu wa kushoto. Hakukuwa na mwili, kwa hiyo hakukuwa na kilio. Mama mkubwa aliliosha lile buti, akalisimamisha nyuma ya mlango wa chumba cha mbele, akatukataza sote kulitamka jina.

“Hatujue eko upande gani,” alisema. “Mukimwita, ni nani ataitika?”

Ni katazo gumu katika mji huu. Jina la mvulana wa kwanza liko katika kila nyumba ya Butembo. Linaitwa sokoni, linaitwa shuleni. Hata pale kwenye kona yao kuna dereva wa pikipiki mwenye jina hilo, na wenzake humpigia kelele kuanzia asubuhi. Mama mkubwa hupita pale akiwa amejifunika kitenge mpaka masikioni. Yeye humwita kijana yule “weye wa moto”, yaani wa pikipiki, basi.

Jumapili ile tulikuwa tunacheza mchezo wetu wa vita, ule wa mezani: milima ya makaratasi iliyokandwa kwa gundi, kete, na majeshi mawili ya askari wadogo kama kidole gumba. Tulikuwa Kambere, mimi, na Ngalula, mtumishi wa forodha aliyetumwa Kasindi, mpakani, kutoka Kasaï. Ngalula alimwinua askari mmoja wa Kambere, bolti iliyopakwa rangi, akamgeuzageuza.

“Mon frère, huyu ni buloni. Ataogopesha nani? Fundi wa moto?”

“Donc niletee imprimante,” Kambere akajibu. “Weye uko ku douane, kila kitu inapita ku mikono yako.”

“Inapita. Haibaki.”

Tulicheka, lakini Kambere hakuwa anatania. Alikuwa ameshaanza kutafuta mashine ya kuchapa sanamu kwa rezini, ya bei anayoiweza. Kwa asiyeijua: unamimina rezini katika beseni dogo. Chini ya beseni kuna kioo kama cha simu. Kioo kinachora umbo la tabaka moja, mwanga wa zambarau unapita, rezini inaganda pale ulipopita. Bamba la juu linainuka, tabaka linabanduka, chwap, kisha bamba linashuka tena. Hivyo sanamu huzaliwa kichwa chini, ikivutwa kutoka kwenye majimaji kidogo kidogo.

Ngalula alituonyesha tatu kwenye simu yake. Moja ilikuwa mpya, bamba lake dogo, ikitoka Kampala. Nyingine kubwa na rahisi, lakini kioo chake ni cha zamani, nyuso zinatoka kama zimesuguliwa na sabuni. Ya tatu imeshatumika, iko Beni, kioo chake kizuri kuliko zote, na bei iko chini kuliko zote.

“Unataka mbuzi kwa bei ya kuku,” Ngalula alimwambia. “Sikiliza. Usiangalie ukubwa. Angalia kioo. Kioo ndiyo mashine, ingine yote ni mabati. Chukua ile ndogo ya Kampala, hata kioo ikikufa utapata ya kubadilisha.”

“Miye ni fundi ya vioo,” Kambere alisema. “Nani atanidanganya?”

Akaenda Beni.

Mwenye mashine alikuwa mwalimu, Benoît, mtu wa mkoa mwingine, anayehamishwa. Nyumba ilikuwa tupu. Mashine ilikuwa katika jiko la nje, peke yake, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Kambere aliiwasha, akakifanya kioo chote kiwe cheupe, jinsi fundi anavyopima. Kiling'aa chote, isipokuwa pembeni. Palikuwa na doa, saizi ya punje ya kakao. Mwanga haukupita pale.

Ni kasoro ndogo. Pasipopita mwanga rezini haigandi. Angewapanga askari wake upande mwingine tu. Akataja bei ya chini, ya kuanzia mabishano. Benoît akakubali.

Sisi wa Butembo tumelelewa sokoni. Muuzaji akikubali bei ya kwanza, unarudisha mkono mfukoni na kumuuliza anakimbia nini. Kambere alilijua hilo. Lakini alikuwa ameshaziona nyuso za askari wake. Akalipa.

Benoît alimsaidia kufunga sanduku kwenye pikipiki. Hakumtazama usoni.

“Pale ku doa usiweke kitu.”

“Juu ya nini? Haichapi?”

“Acha nafasi tu.”

Askari wa kwanza walitoka wazuri ajabu. Niliwaona: kucha zao, mikunjo ya mashati yao. Baridi yetu ya mlimani huifanya rezini kuwa nzito, kwa hiyo mama mkubwa alikuwa akiifunga chupa katika kitenge na kuiweka karibu na jiko la makaa. Alifurahi kuona mwanawe amefurahi. Kambere aliwapaka rangi kwa vernis ya kucha, akawasimamisha dirishani.

Pembeni mwa bamba, mahali pa doa, palikuwa na kitu kidogo kama jino. Alikikwangua akakitupa.

Alipochapa tena kilikuwa na shingo. Na mabega.

Aliitazama faili. Hakukuwa na kitu pembeni. Akachapa tena, na sasa alikuwa mtu, amempa mgongo, na gunia begani. Mguu wa kulia ulikuwa na buti. Wa kushoto ulikuwa mtupu, vidole vimekunjwa, kama vya mtu anayekanyaga baridi.

Kambere alimzamisha kwenye alkoli ya kuoshea, akaenda kufungua mlango apate hewa. Aliporudi, mama yake alikuwa amesimama mezani. Alikuwa amemtoa yule mtu kwa mikono mitupu.

Rezini ambayo haijakaushwa na jua inaunguza ngozi. Kambere alikuwa amemwambia hivyo tangu siku ya kwanza.

“Mama, tupa! Inaunguza!”

“Acha,” alinong'ona. “Eko na baridi.”

Tangu siku hiyo mama mkubwa hakutoka katika chumba kile cha mbele. Kila Kambere alipowachapa askari, yule wa pembeni alitoka pamoja nao, na kila mara alikuwa amegeuka kidogo. Sikio lilionekana. Kisha shavu. Mama mkubwa aliwapokea wote, akawaweka kifuani ndani ya kitenge. Viganja vyake vilianza kuchubuka. Kambere alimnunulia glovu.

“Mama gani anavaa gants ya kubeba mutoto wake?” alimuuliza.

Muuguzi alikuja, akafunga vidonda, akamvuta Kambere ukumbini. Alimwambia kwamba mama akiendelea kushika kitu kile, mikono itaoza. Na kwamba hali chakula, na kwamba moyo wake ni dhaifu. Kambere aliachishwa kuchapa na maneno hayo. Alirudisha rezini chupani, akalifuta beseni, akachomoa waya. Akampigia Benoît ili amrudishie mashine yake. Namba haikupatikana.

Usiku ule ndio aliosikia ile sauti.

Chwap.

Alilala macho, akijaribu kukumbuka. Kulikuwa na kitu kabla ya sauti. Nje, kwenye kona, madereva walikuwa wakimwita mwenzao waende nyumbani.

Asubuhi alisimama mlangoni mwa chumba, akasubiri. Nje mtu alimwita yule dereva kwa jina.

Chwap.

Akaitwa tena.

Chwap.

Kila wito, tabaka moja.

Alinipigia simu mchana. “Kuya,” alisema. Njoo.

Mvua ilikuwa inapiga mabati nilipofika. Mama mkubwa alikuwa kwenye kiti, mikono imefungwa bandeji, bandeji zimelowa. Macho yake yalikuwa kwenye mashine.

Nami nikatazama.

Beseni lilikuwa kavu. Waya ulikuwa mezani. Bamba lilikuwa limeinuka. Na upande wa doa, pale ambapo mwanga haupiti, alining'inia yeye. Kichwa chini. Mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko.

Ametugeukia.

Nililijua paji lile. Nililijua lile kovu juu ya nyusi, la siku tulipoanguka na chukudu, kigari cha mbao cha magurudumu mawili, mteremkoni, mimi na yeye, tukicheka huku damu inatoka. Macho yalikuwepo. Pua ilikuwepo. Chini ya pua palikuwa laini. Hakuwa na mdomo.

Kambere alikuwa ameshika nyundo.

“Ukimuvunja,” mama mkubwa alisema taratibu, “univunje naye.”

Nyundo ilishuka. Kambere alipiga magoti mbele ya mama yake. Alinong'ona, kama anayeogopa kusikiwa na mtu wa tatu.

“Mama. Bote banamwita. Bamotari ya kona, batu ya soko, batoto ya njiani. Banaita mwengine, lakini ye ndiye anaitika. Anageuka ku sauti ya batu hajue. Weye tu hujamwita.”

“Na kama eko muzima?”

“Atasikia.”

“Na kama haiko muzima?”

“Atasikia pia.”

Mama mkubwa alitikisa kichwa. Machozi yalishuka, hakuwa na mkono wa kuyafuta. “Nikimwita, nitajua. Sitaki kujua, Kambere. Niko na weye. Niko Mama Kambere.”

“Miye ni wa pili, Mama,” Kambere alisema. “Niache nikuwe wa pili.”

Mvua ilinyamaza ghafla, kama inavyonyamaza huku kwetu. Kwenye kona hapakuwa na dereva hata mmoja. Hakuna aliyeita.

Chwap.

Haikutoka kwenye mashine. Ilitoka nyuma ya mlango.

Nilitazama bamba. Lilikuwa tupu.

Kisha nikaiona sakafu. Kutoka mguu wa meza hadi mlangoni, juu ya saruji, kulikuwa na nyayo za rezini, ndogo, zikimeta. Moja ya buti, moja tupu. Moja ya buti, moja tupu. Ziko mpaka leo. Kambere amezikwangua kwa kisu, amezimwagia alkoli, hazitoki, na ukifika nyumbani kwao atakuonyesha. Zinafika kwenye lile buti la kushoto. Zinapanda shingo yake. Zinaingia ndani.

Hakuna zinazotoka.

Mama mkubwa aliinuka. Alitembea pembeni mwa zile nyayo, bila kuzikanyaga, mpaka mlangoni. Akaketi chini. Akalichukua buti kwa mikono yake iliyochubuka, akaliweka mapajani, akaliinamia, midomo karibu na giza lake, jinsi mama anavyomwinamia mtoto wa shule asubuhi ya baridi, asitake kumshtua.

Alivuta pumzi.

“Paluku.”