Fundi Aliyekula Kwanza

Kila asubuhi Apendi alifagia uwanja, akafungulia kuku, kisha akakimbilia shule pale Petta. Asubuhi moja, miaka michache baada ya Uhuru, hakufika shuleni. Mtu alishuka kwenye baiskeli yenye kipande cha bati kinachong'aa, akasema yeye ni Phanuel, fundi wa mapaa kutoka Busia.

"Mama, nyasi hii imeoza," akamwambia nyanya yake Apendi. "Mimi nakwenda weka mabati."

Nyanya, mjane mkarimu kupita kiasi, hakuzoea kuzungumza na mgeni kabla ya kumlisha. Akamchinjia kuku, akamsongea ugali wa wimbi. Phanuel akala mpaka akaramba vidole.

"Nyanya, tumwite mzee Odoi ashuhudie," Apendi akanong'ona. Odoi alikuwa jirani, na kijijini pale hata mbuzi hauzwi bila shahidi.

"Mashahidi ni wa mnadani," nyanya akamkemea. "Huyu amekula kwangu. Nimwitie shahidi kama mwizi?"

Basi fundi akapewa mtamba wao wa pekee wa ng'ombe kuwa malipo. Kufikia jioni alikuwa ameng'oa nyasi zote, akaondoka akimswaga mtamba, eti anafuata mabati. Hata kivuli chake hawakukiona tena.

Mvua ikaja. Walijikunyata chini ya ngozi ya ng'ombe, wakitazama mbegu za wimbi zikilowa. Apendi alilia kwa uchungu. Alikuwa ameonya, na onyo lake halikuzuia hata tone moja.

Odoi akawapeleka kwa chifu.

"Nani alisikia mkipatana?" chifu akauliza.

"Mimi," akasema Apendi.

"Wewe mtoto. Mtu mzima nani?"

"Hakuwapo," nyanya akakiri. Mtamba hakurudi. Majirani ndio waliokata nyasi na kuwaezekea upya, na chifu akatangaza barazani: fundi anayefuata watu majumbani asianze kazi siku hiyohiyo, na mapatano yawe mbele ya mashahidi.

Msimu uliofuata, fundi wa milango alibisha hodi. Nyanya akampa chakula kama kawaida yake. Fundi alipotoa msumeno, nyanya akamzuia.

"Kula ushibe, mwanangu. Kazi ni kesho, Odoi akiwapo."

"Mama, kwani huniamini?"

"Mwaminifu haogopi kesho."

Fundi alipoondoka, nyanya akamgeukia Apendi. "Mjukuu wangu, chakula ni cha mgeni, shahidi ni wa kazi. Siku ile ulijua hivyo, nami nikakunyamazisha. Usikubali kunyamazishwa tena, hata na mimi."