Mafuta ya Siku ya Jina

Namelok aliunguza uji tena. Ilikuwa mara ya tatu wiki hiyo, na wiki yenyewe ilikuwa bado changa.

Hakuwa mvivu. Haki yake isemwe mapema. Alikuwa amekaa mbele ya moto, mwiko mkononi, mtoto mgongoni. Ila wingu jeupe lilikuwa linateremka kutoka kilele cha Mlima Meru, polepole, kama ng'ombe mzee anayekwenda kunywa maji. Namelok alilisindikiza kwa macho. Lilipofika kwenye migomba, uji ulikuwa umekwisha kuwa mkaa.

"Namelok!" aliita Nalepo, mama mkwe wake. "Uko wapi?"

"Nipo hapa, yeyo." Waarusha humwita mama "yeyo", na mama mkwe pia ni mama.

"Mwili nauona. Wewe mwenyewe uko wapi?"

Namelok alifikiri. Lilikuwa swali gumu.

Siku hizo Wadachi ndio waliokuwa wanatawala. Ngome yao nyeupe ilisimama Arusha mjini, na tarumbeta yake ililia kila asubuhi. Lakini katika boma la mzee Sakaya, upande wa magharibi wa mlima, watu walikuwa na jambo kubwa kuliko tarumbeta. Zilibaki siku tano mtoto wa Namelok apewe jina.

Boma lile lilikuwa na desturi yake. Siku ya jina, mtoto hupakwa kichwani mafuta mapya ya mbarika. Kisha ukoo wote hupakwa, kwa hiyo kibuyu lazima kijae mpaka shingoni. Na anayeleta kibuyu hicho ndiye anayetoa jina. Kwa kawaida huwa mama. Mama akishindwa, huwa shangazi.

Shangazi alikuwepo. Aliitwa Namnyaki, dada wa mzee Sakaya, baba mkwe wa Namelok. Kibuyu chake kilikuwa kimejaa tangu mwezi uliopita. Jina pia alikuwa nalo.

"Ataitwa Namnyaki," alisema kila alipopita. "Kama mimi."

Shangazi Namnyaki alikuwa mtu mwema. Lakini alisema tangu jogoo anapowika mpaka kuku wanapolala. Hata mbuzi walipomwona anakuja, waliondoka taratibu, kwa heshima. Watu wengi waliona Namnyaki mmoja anatosha mlima mzima.

Namelok hakuwa na jina la mtoto bado. Alijua tu kwamba jina lilikuwa njiani. Wakati mwingine alihisi limekaribia kabisa, kama mgeni aliyesimama nje ya mlango bila kubisha hodi. Hakutaka mgeni huyo afike na kukuta kiti chake kimekaliwa.

Alikuwa na vikapu vitatu vya mbegu za mbarika. Alizipanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Kikapu cha kwanza alikitwanga kwenye kinu, akachemsha, akaengua mafuta yaliyoelea juu. Siku mbili za kazi zilimpa mafuta ya kulowesha vidole.

"Kwa njia hii," alisema Nalepo, "utajaza kibuyu mtoto akiwa bibi."

"Nifanyeje, yeyo?"

"Nimesikia sokoni. Ng'ambo ya Mto Themi, kwa Wameru, kuna fundi anaitwa Elirehema. Alijifunza useremala misheni. Ametengeneza mashine ya kukamua mafuta."

Lerionka, shemeji yake Namelok, alikuwa anaegemea mkuki wake mlangoni. Kaka yake Saning'o, mume wa Namelok, alikuwa malishoni Kisongo na ng'ombe. Kwa hiyo wakati huo Lerionka ndiye aliyekuwa mwanamume mwenye nguvu kuliko wote nyumbani. Alilikumbusha boma jambo hilo kila siku, lisije likasahau.

"Nitakwenda nanyi," alisema. "Hiyo mashine nitaikamua mpaka ilie."

Kesho yake walitoka alfajiri. Walivuka mto, wakapanda kati ya migomba ya Wameru, mahali ambapo njia ni ya kijani na hewa ina harufu ya majani mabichi. Namelok alitembea kama mtu aliye ndotoni. Nalepo alimshika mkono kila walipofika kwenye shimo.

Fundi Elirehema alikuwa mtu mfupi mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Shikamoo, fundi," alisema Namelok.

"Marahaba, binti. Karibuni. Hiyo hapo ndiyo mnayoitafuta."

Mashine ilikuwa chini ya banda la majani. Ilikuwa na miguu minne ya mti mgumu. Juu yake ililala boriti nene yenye tundu katikati. Ndani ya tundu ilipita skurubu ya mti, nene kama paja. Mifereji yake ilizunguka kama nyoka anayepanda mti. Chini ya skurubu kulikuwa na kibao cha mviringo, na chini ya kibao kulikuwa na pipa dogo lenye nyufa.

"Ukizungusha mpini huu, skurubu inashuka," alieleza Elirehema. "Kibao kinakandamiza mbegu. Mafuta yanatoka kwenye nyufa, yanaingia chunguni. Ni hivyo tu."

"Malipo yako ni nini, fundi?" Nalepo aliuliza.

"Nataka mashudu tu. Yale makapi yanayobaki."

Lerionka alimwinamia mama yake sikioni. "Mjanja huyu. Mashudu yananenepesha mbuzi."

"Ngojeni," alisema Elirehema. "Nakwenda kuleta kuni. Msiguse kitu kabla sijarudi."

Alipokwisha kupotea kwenye migomba, Lerionka aliweka mkuki chini.

"Shemeji, amesema tungoje," Namelok alisema.

"Kuni za nini? Tumekuja kukamua au kupika?" Alimwaga kikapu kizima kwenye mfuko wa kukamulia uliokuwa kando ya mashine, akaujaza mpaka ukatuna kama kupe. Akausukuma ndani ya pipa, akashika mpini. "Tazama, yeyo! Tazama mwanao!"

Alizungusha. Skurubu ilipiga kelele. Alizungusha tena, mishipa ya shingo ikasimama. Mashine ilitikisika, kuku wa fundi wakakimbia.

"Taratibu, mwanangu," alisema Nalepo, akasogea karibu aone vizuri.

Hapo mfuko ulipasuka.

Mbegu ziliruka juu, pembeni na mlangoni. Ujiuji mzito ulimpata Nalepo usoni, kuanzia paji mpaka kidevu. Zilizobaki zilimwagika kwenye majivu na matope. Chunguni kulikuwa na matone saba. Namelok aliyahesabu, kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama bila kulia.

Nalepo alijifuta jicho moja. "Lerionka," alisema kwa upole wa kutisha, "mashine imelia?"

Lerionka alikuwa ameanza ghafla kupendezwa na vidole vyake vya miguu.

Elirehema alirudi na kuni, akatazama, akazitua.

"Mama, nawa uso mara moja," alisema. "Usilambe midomo. Mbegu hizi zina sumu." Kisha akamgeukia Namelok. "Umebaki na ngapi?"

"Kikapu kimoja, fundi." Akakitoa kibuyu chake. "Kitajaza kibuyu hiki?"

Fundi alikipima kibuyu kwa macho. "Kwa nguvu, hapana. Kwa kungoja, labda."

Akamfundisha. Kwanza walimenya maganda. Wakaponda mbegu kidogo, zisiwe unga. Kisha wakazipasha juu ya moto mdogo, wakikoroga, mpaka zikawa na joto ambalo mkono unaweza kulivumilia.

"Mafuta baridi ni mazito," alisema Elirehema. "Hayataki kutembea. Yakipata joto, yanaamka."

Wakajaza mfuko mpya nusu tu, ili mbegu zipate nafasi. Fundi akaufunga, akauweka ndani ya pipa, akazungusha mpini mpaka ukakaza. Akaacha.

"Mbona umeacha?" Lerionka aliuliza.

"Mafuta yanatafuta njia kati ya mbegu. Ukikandamiza kwa pupa, njia zinafungwa, au mfuko unapasuka. Sikiliza matone. Yakipungua, zungusha robo tu. Kisha ngoja tena."

"Ni hivyo tu? Nitafanya mimi."

Lerionka alikaa. Alingoja muda wa kupumua mara nne. "Sasa?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, kijana."

Mkono wake ulianza kuwasha. Nalepo alimwondoa, akakaa yeye. Lakini naye alikumbuka ng'ombe, akakumbuka kuni, akakumbuka mvua ya mwaka juzi, na matone yakapungua bila yeye kusikia. Fundi mwenyewe aliitwa misheni kutengeneza mlango.

"Naomba nikae mimi," alisema Namelok.

Nalepo alitazama huku na huku kama kuna mtu mwingine. Hakuwepo. "Usiniunguze hii nayo," alisema.

Namelok alimlaza mtoto mapajani, akashika mpini.

To. To. To.

Ukungu ulishuka ukakaa kwenye migomba. Namelok alikwenda nao. Aliona mafuta yakitembea gizani kati ya mbegu, kama watu wanaopita msituni wakishikana mikono. Wa mbele akisimama, wote walisimama. Hapo mkono wake ulizungusha robo, bila kuulizwa, na wasafiri wakaendelea. To. To. Aliona ng'ombe wa Saning'o huko Kisongo, wamelala nyasini, wanacheua. Hawakuwa na haraka. Dunia nzima ilikuwa inacheua. Robo tena. Ngoja tena.

"Amelala?" Lerionka alinong'ona.

"Macho yake yako wazi," Nalepo alinong'ona. "Na chungu kinajaa. Nyamaza."

Jua lilipoanza kuinama, Elirehema alirudi. Walichemsha mafuta pamoja na maji, ili yasafike na sumu kidogo iliyomo iishe. Wakaengua mafuta, wakayarudisha motoni mpaka maji yote yakakauka. Wakamimina kibuyuni.

Yalifika chini ya shingo. Pengo lilikuwa la vidole viwili.

Nalepo alilipima pengo kwa vidole, akalipima tena. Katika masikio ya wote, Shangazi Namnyaki alikuwa anakuja na kibuyu chake.

"Mbegu zimetoa wasafiri wake wote," Namelok alisema, kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Hawajafika wote."

"Wasafiri gani?" aliuliza Lerionka.

"Fundi, ulisema mafuta baridi hayatembei. Mashudu yamekaa kutwa nzima. Yamepoa. Waliobaki ndani wamelala. Tukiyavunja, tukiyapasha tena?"

Elirehema alimtazama, vumbi la nyusi likapanda juu. "Kukamua mara ya pili," alisema polepole. "Mimi ilinichukua miezi mitatu kulijua hilo. Nilikuwa naona haya kukuambia kaa tena, binti. Umechoka."

"Sijachoka. Nilikuwa mbali, lakini sikuchoka."

Walivunja mashudu, wakayapasha, wakayarudisha kwenye mfuko. Lerionka aliinama kuokota mashudu yaliyoanguka.

"Haya nitawapelekea mbuzi wangu," alisema.

"Weka chini!" Fundi aliruka. "Sumu nyingi ya mbarika haitoki na mafuta. Inabaki kwenye mashudu. Mbuzi akila, atakufa. Ng'ombe pia, na mtoto pia. Mimi nayafukia kwenye mashina ya migomba, mbali na mifugo. Ni mbolea nzuri. Na mfuko huu hauwekwi chakula kamwe."

Lerionka aliyaweka chini kama mtu anayelaza nyoka. Akaenda kunawa. Akanawa tena.

Namelok alishika mpini. Robo. Ngoja. Kwa muda mrefu hakukuwa na kitu. Kisha tone moja likaja, la dhahabu, likaning'inia kwenye ufa kana kwamba linafikiri. Kukawa kimya kabisa. Nalepo alikuwa kimya. Lerionka alikuwa kimya. Mtoto alifumbua macho, akalitazama tone, wala hakulia. Ndipo yule mgeni aliyekuwa nje ya mlango akaingia, akaketi, na Namelok akalijua jina.

Hakumwambia mtu. Aliendelea kungoja. Mafuta ya pili nayo yalichemshwa, na kibuyu kikajaa mpaka shingoni, yakabaki hata ya kupaka mikono ya fundi.

Siku ya jina, Shangazi Namnyaki alifika wa kwanza, na kibuyu, na hotuba. Alipokiona kibuyu cha Namelok alikitikisa, akakinusa, akatafuta pengo kwa kidole. Kidole kilirudi kimelowa.

"Basi," alisema. Lilikuwa neno lake fupi kuliko yote tangu azaliwe.

Namelok alimpaka mtoto mafuta kichwani. "Jina lako ni Naserian," alimwambia. Maana yake ni mwenye amani.

"Naserian?" Shangazi aliuliza. "Nani katika ukoo huu anaitwa hivyo?"

"Hakuna, Shangazi. Ndiyo maana ni lake."

Saning'o, aliyerudi na ng'ombe wake, alicheka mpaka akakaa chini. Nalepo aliinamisha kichwa kipakwe, wa kwanza kati ya wakubwa.

Tangu siku hiyo boma la Sakaya liliacha kutwanga mbarika. Kila mavuno walivuka Themi na vikapu vyao. Mbegu zilipashwa moto, mifuko ilijazwa nusu, na mashudu yalikwenda kwenye migomba. Hakuna mbuzi aliyekufa. Na aliyekaa kwenye mpini alikuwa Namelok, kwa amri ya mama mkwe wake, ambaye siku hizo alipika uji mwenyewe.

Mwaka uliofuata, asubuhi moja, mtu alisimama mbele ya Namelok, bandani kwa fundi, na kikapu cha mbegu kichwani. Alikuwa Shangazi Namnyaki.

"Nataka nijifunze mashine," alisema.

"Karibu, Shangazi. Ni kazi rahisi. Unakaa, unasikiliza matone."

"Halafu?"

"Husemi kitu."

Shangazi alitazama mashine. Alitazama kikapu chake. Aliketi, akashika mpini, akabana midomo. Ilikuwa siku ndefu kuliko zote alizowahi kuishi, lakini chungu kilijaa.