Maji Chini ya Tembe la Bibi Severina

Bibi Severina wa Misigiri alikuwa mlangoni mwa tembe lake akipepeta mtama. Mtoto wake Zefania alikuwa juu ya paa bapa la udongo, akimwaga udongo mwingine.

"Mama, shikamoo!"

"Marahaba. Shuka kwanza. Nasalimiwa na miguu!"

Kila mvua zilipokuja, sakafu ya tembe ililoa. Zefania alidhani paa linavuja, akaliongezea udongo. Lakini sasa kuta zilianza kulegea chini.

"Mama, hamia kwetu, kwenye nyumba ya bati."

"Bati lina kelele. Humu aliniweka baba yako. Nitafia humu."

"Hilo ndilo ninaloogopa, Mama."

Dorika, mke wa Zefania, alimwita Gabrieli, fundi wa kuchimba visima. Bibi alicheka.

"Fundi, kazi yako kuyatafuta maji. Leo umekuja kuyafukuza?"

"Ninajua yanakopita, Bibi."

Gabrieli alitandika nailoni sakafuni, akaikandamiza kingo kwa mawe. Kesho yake akawaita wote. Juu ya nailoni palikuwa pakavu. Chini yake palikuwa chepechepe.

"Paa halivuji," alisema. "Maji yanatoka kule mlimani. Yanapita ndani ya ardhi, yanapanda hapa. Ukuta ukiloa chini unakosa nguvu. Nawe Zefania unautwisha mzigo!"

"Miaka yote umelilisha paa lililoshiba," Dorika alimtania.

Zefania alipunguza udongo wa paa siku hiyo hiyo. Bibi alikubali kulala kwao mpaka kuta zikauke. "Lakini kitanda changu kisiguswe!"

Kisha wakachimba mfereji upande wa mlimani, mbali kidogo na ukuta ili usianguke. Kina chake kilishuka chini ya usawa wa sakafu, nao uliteremka taratibu hadi kwenye bustani ya mchicha. Mawe hayakuwa shida, Misigiri yamejaa. Waliyapanga ndani ya mfereji, wakayafunika kwa viroba vikuukuu ili udongo usiyazibe, halafu wakafukia.

Karibu na tembe, Gabrieli alichimba shimo jembamba, akasimamisha bomba lenye matundu. Alimpa Bibi fimbo yenye alama ya rangi.

"Itumbukize bombani hadi chini kila asubuhi. Ikiloa kupita alama, maji yamepanda; kaangalieni mdomo wa mfereji kule bustanini. Na bomba lifunikeni."

Kuta zikaanza kukauka. Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, Bibi aliita kwa sauti.

"Zefania! Maji yamepita alama!"

Walikimbia bustanini. Majani na tope vilikuwa vimeziba mdomo wa mfereji. Dorika alivitoa kwa mikono. Maji yakaruka, yakamlowesha mumewe mpaka magotini.

Kesho yake fimbo ililoa chini ya alama. Iliendelea hivyo hadi mvua zilipokwisha. Gabrieli alikuja, akagonga kuta, akazikuta ngumu.

Bibi Severina alivua viatu, akaingia ndani. Alitembea polepole mpaka kitandani kwake, akainua unyayo, akautazama.

"Dorika," aliita, "niletee ufagio. Nyumba yangu ina vumbi."