Namba Tulizomsomea Theuri

Watu wa Gakindu, na nyinyi wa Mukurweini mnaojifanya haya hayawahusu, leo mtanisikiliza mpaka mwisho.

Nyumba ya mzee Moffat mnaijua, ile ya mabati ya kijani nyuma ya migomba. Novemba iliyopita ilikuwa nyumba ya kuonewa wivu. Asubuhi mkewe, mama Phyllis, aliketishwa kwenye jua na blanketi magotini. Kiharusi kilikuwa kimemshika upande mmoja na kuuvunja ulimi wake, na juu ya hayo alikuwa na sukari. Binti yao Nyawira aliweka meza dirishani, akavaa vile vidude vya masikioni, akaandika maneno ya video za walimu wa nchi za mbali. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kila nusu saa alitoka kumgeuza mama, kumkagua miguu, kumsikiliza. Maneno ya Phyllis hakuna aliyeyaelewa ila Nyawira.

Yote hayo yaliwezekana kwa sababu ya mnara wetu pale juu kilimani. Mnara wa Chama cha Mtandao, si wa tajiri. Hakigawi faida, kina wanachama mia mbili na kumi na wanne, na wanachama ndio huchagua mwenyekiti wa kuamua mtandao ufike wapi na kwa masharti gani. Mlikuwa mnalijua hilo? Mlitia sahihi siku ya kujiunga, mkanywa soda, mkasahau.

Uchaguzi ukaja. Kila mwanachama alitumiwa namba sita za siri kwenye simu yake. Unaziingiza, unachagua jina, umemaliza. Tulipewa siku saba kwa kazi ya dakika mbili. Waliosimama walikuwa wawili: Nyawira, aliyesema mnara usiguswe, na Theuri, fundi wa simu pale sokoni, aliyetaka kuupeleka mtaa wa Skuta, kwenye magorofa ya watu wa mjini.

Siku ya mwisho Nyawira alikuwa Mukurweini kuchukua dawa za mama. Theuri alishuka kwenye bodaboda, akamkuta Moffat katikati ya mibuni.

"Mzee, umepiga ile kura?"

"Hiyo mambo ya kompyuta? Niko na kahawa imeiva hapa, Theuri. Ati nianze kufinyafinya simu na hii mikono?"

"Si unisomee tu hizo namba? Nitakupigia mara moja."

"Lakini si hata wewe umesimama?"

"Ai, mzee wa kanisa! Kwani mimi ni mwizi? Ya kwako nitampigia msichana wenu. Hata mimi nampenda huyo."

"Basi mpende na ng'ombe mkononi," Moffat alisema, wakacheka. Akamsomea namba zake. Kisha akampeleka nyumbani, akachukua simu ya mkewe, akasoma na zake. Phyllis alipiga kiti kwa mkono wake mzima, akipiga kelele.

"Tulia, mama Nyawira," Moffat alimwambia. "Tunasaidia mtoto."

Kura zilifungwa saa kumi na mbili. Nyawira alirudi saa moja, mama akamvuta nguo, akamwambia neno moja moja mpaka akaelewa. Akafungua simu ya mama. Ujumbe ulikuwepo: *Asante, Phyllis. Kura yako kwa Theuri imepokelewa.* Wa baba ulikuwa vilevile.

Matokeo yalikuja kesho yake. Theuri arobaini na tisa, Nyawira arobaini na sita. Piga hesabu. Kura mbili za nyumba yake mwenyewe zingetosha kumpa ushindi. Na watu mia moja na kumi na tisa hawakupiga kabisa. Wewe ulikuwa wapi?

Bado mlango haukuwa umefungwa. Sheria za chama zilitoa siku tatu za kulalamika. Phyllis alikubali kuweka kidole gumba, lakini kamati ilitaka ushahidi wa yule aliyezisoma namba.

"Baba, weka sahihi hapa tu," Nyawira alimsihi. "Unasema ukweli, kwamba alikuomba namba ukampa."

"Nisimame nikasema Theuri amenicheza kama mtoto? Mimi?"

"Mnara ukienda sitakaa hapa, baba. Nitafanyia kazi wapi? Mama ataangaliwa na nani?"

"Mimi ni nani katika nyumba hii, mgeni? Nitamwangalia."

Nilienda mwenyewe kumwomba, akaniambia nichunge boma langu. Nikazunguka kijijini. Nilipata nyumba kumi na moja zilizomsomea Theuri namba, na hakuna hata moja iliyotaka kuonekana jinga. Siku tatu zikaisha. Ndivyo tulivyolipoteza josho la ng'ombe. Ndivyo tulivyoupoteza mradi wa maji. Mimi sisahau, hata kama nyinyi mmeamua kusahau.

Februari mnara ulifunguliwa vyuma, ukapakiwa, ukaenda Skuta. Nyawira naye alikodi chumba hukohuko, maana dawa za mama zilitoka kwenye kazi ile. Alirudi nyumbani Jumamosi tu.

Moffat alijaribu, siwezi kumsingizia. Alipika uji, alimfulia. Lakini wiki moja ya Machi Phyllis alisema jambo lilelile siku nne mfululizo, akilia, na mzee hakulielewa. Akamletea chai. Akamletea blanketi lingine. Akamwombea. Jumamosi Nyawira aliingia, akamsikia mara moja, akamvua soksi. Kidonda kilikuwa kimekula vidole, mguu mweusi mpaka kifundoni.

Madaktari waliukata chini ya goti.

Siku Phyllis aliporudishwa nyumbani, Moffat alifika kwangu na ile karatasi ya malalamiko imekunjwa mfukoni. "Sasa nitaweka sahihi," alisema. "Niambie nipeleke kwa nani."

Miezi minne ilikuwa imepita. Nilimwambia hakuna wa kumpelekea. Hakuondoka. Aliomba kalamu, akaiweka sahihi hapo mezani pangu, akaniachia.

Funzo

Theuri ni mlaghai, na nitamwambia hivyo popote. Lakini hakuvunja mlango wa mtu. Tulimfungulia. Kura ya chama chako si kazi ya mafundi wa kompyuta. Ni neno lako juu ya kitu chako. Namba zako usimsomee mtu, hata akiwa shemeji, hata mikono ikiwa na kahawa. Na ukishadanganywa, sema siku hiyohiyo, sema mbele ya watu, uchekwe. Kuchekwa kunaisha. Mguu wa Phyllis haurudi.

Uchaguzi mwingine ni Novemba. Karatasi ya Moffat ninayo, na nitaisoma kanisani mkiniruhusu, na nje ya kanisa mkinikataza.