Nyasi za Farasi-Bahari

Kila asubuhi Mama Mapazia alitandika vitanda vya nyumba yake ya wageni. Kisha alishika reki, akaingia majini. Maji yakipwa, aling'oa nyasi zote zilizoota mbele ya nyumba. Wageni walipenda mchanga mtupu, naye kwa usafi hakuwa na mpinzani.

Lakini moyo wake ulikuwa na kiu. Zamani, akiwa bibi arusi, yeye na mumewe waliwatazama farasi-bahari pale pale mbele ya nyumba. Ni samaki wadogo wenye kichwa kama cha farasi, huelea wima. Mume alifariki. Farasi-bahari nao wakaadimika, kisha wakatoweka. Alitamani kuwaona tena, hata mara moja.

"Mama, vaa viatu," binti yake alimwambia siku moja. "Mjini wamefungua nyumba ya kuonyesha viumbe wa bahari yetu. Twende."

Mle ndani mlikuwa na matangi makubwa ya kioo. Mbele ya tangi la pembeni, Mama Mapazia alisimama. Farasi-bahari alikuwa amezungusha mkia kwenye jani. Machozi yakamlengalenga Mama.

"Hata kwetu walikuwepo," alimwambia mtunza matangi, dada mmoja aliyevaa buti za mpira. "Sijui nani kawafukuza."

"Kwenu kuna nyasi za baharini, mama?"

"Zikichipua tu, nazing'oa na mizizi yake."

Binti akakohoa. Mtunza matangi hakucheka.

"Huyu si mwogeleaji hodari, mama. Asiposhika jani, maji humchukua. Vifaranga wa samaki nao hujificha humo na kula humo. Mizizi hushika mchanga, mawimbi yasiuchukue."

"Kumbe mchawi ni mimi mwenyewe," Mama alisema taratibu. "Nikiacha, watarudi?"

"Nyasi zitarudi, polepole. Farasi-bahari siwezi kukuahidi."

Reki ikabaki ya kufagia uani tu. Wageni wa kuogelea alianza kuwapeleka upande usioota nyasi. Walionung'unika aliwajibu, "Hapo pana wapangaji wengine."

Miaka ikapita. Nyasi zikasitawi, samaki wadogo wakajaa. Asubuhi moja aliinama, akaona mkia mwembamba umeshika jani. Akageuka upesi amwambie mumewe, kama zamani. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Akainama tena majini. Kisha akamwambia yule samaki, "Karibu nyumbani. Umechelewa kidogo tu."