Bandeji ya Cyrille Ibaki Kavu

Asubuhi honi ya kiwanda cha Shituru ililia, na Adrien akaenda kazini. Mke wake Hortense alikuwa hospitalini na mtoto wao, Cyrille, aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Jamani, alikuwa mdogo! Kunyonya hakuweza. Serumu, maji ya dawa ya kumpa nguvu, ilipita katika mrija mwembamba ulioingia kwenye mshipa wa mkono wake.

Siku ile mama mkwe wa Hortense, Mama Germaine, alifika na chupa ya maji ya baraka. Alimpenda sana mjukuu wake. Akachovya kidole, akachora msalaba juu ya bandeji iliyofunika mrija. Bandeji ikalowa.

"Mungu atamulinda," akasema.

Hortense aliona. Muuguzi Mathilde alikuwa amewaonya kwamba bandeji ibaki kavu. Lakini ni mke gani wa kwetu atamsema mama mkwe wake mbele ya watu? Akainamisha macho.

Kisha akamtazama Cyrille. Aibu itapita, akawaza. Mtoto akienda, harudi.

"Mama Mathilde, kuya! Bandeji iko na mayi!" akaita.

Mama Germaine akashtuka. "Hortense! Unanisemea?"

"Samahani, mama. Miye naogopa juu ya mutoto."

Mathilde hakumgombeza mtu. Alinawa mikono kwa sabuni, akafungua bandeji, akatazama. Hakuna uvimbe wala wekundu. Akasafisha ngozi kwa alkoli, akafunika upya kwa bandeji safi, kavu.

"Mama," akamwambia Germaine, "huu murija ni mulango. Unafika mpaka ndani ya damu. Mikrobe hazionekani na macho, na zinapenda mayi na mikono muchafu. Mutoto huyu hana nguvu ya kupigana nazo."

"Hata mayi ya baraka?"

"Baraka haina mikrobe, mama. Mayi ndiyo iko nazo. Musalaba, muchoree hewani."

Mama Germaine akacheka kidogo, kwa shida.

"Bandeji ikilowa ao ikilegea, munaniita palepale," Mathilde akaendelea. "Hata mutoto akiwa moto sana, ao baridi, ao akilegea."

"Murija utatoka lini?" Hortense akauliza.

"Akikunywa maziwa yako ya kutosha. Murija usio na kazi haukae."

Basi Hortense akakamua maziwa katika kikombe kilichochemshwa, na Mathilde akamnywesha Cyrille polepole. Mama Germaine akasimama mlangoni. Aliyekuja bila kunawa alirudishwa bombani, hata Adrien na vumbi lake la kiwanda.

"Weye baba, sabuni kwanza!"

Cyrille akaongezeka uzito, akawa anakunywa maziwa ya kutosha. Asubuhi moja Mathilde akautoa mrija.

Mama Germaine akanawa mikono, akambeba mjukuu wake, akampa Hortense.

"Kamata mutoto wako," akasema. "Siku ile nilikukasirikia. Kama ungenyamaza juu ya kuniogopa, leo tungekuwa tunalia. Aksanti, binti yangu."

Hortense akamweka Cyrille kifuani, naye akaanza kunyonya.