Mipira ya Breki

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule, Mwamvita aliisukuma baiskeli ya baba yake kwenye mchanga wa uchochoro hadi barabara ya lami, kisha akaipanda na kushika njia ya Mbagala. Kwenye njia panda alimkuta Avelina anamsubiri, mguu mmoja chini, mwingine juu ya pedeli. Hapo walianza kushindana hadi kwenye mikorosho, wakageuza, wakarudi wakihema. Mara nyingi aliyeshinda alikuwa Avelina.

Wanawake waliopanga ndoo bombani walikwisha kuwazoea.

"Nyie mabinti, mkirudi kutoka safari yenu ya milimani mtakuwa na misuli ya makuli wa bandarini," Bi Hija aliwatania siku moja. "Nani atawaoa?"

"Bwana harusi tutambeba kwenye keria, Bi Hija," Avelina alijibu bila kupunguza mwendo, na bomba zima likacheka.

Ilikuwa mwaka 1970, wakati shule zikihimizwa kuunganisha masomo na kazi za mikono. Mwalimu Adelard, aliyefundisha jiografia, alikuwa ameandaa safari ya wanafunzi wanane wa darasa la saba. Shule moja ya Mlalo iliwaalika wakashirikiane kukata matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Wangekwenda kwa treni mpaka Mombo, kisha waipande milima ya Usambara kwa baiskeli. Mwalimu aliichora njia hiyo kwenye pembe ya ubao: Mombo, Soni, Lushoto, Magamba, Mlalo. Hakuna aliyeruhusiwa kuifuta.

Temeke, walikoishi, ni tambarare, tena ya mchanga. Siku zile wenye baiskeli wengi waliing'oa mipira ya breki, maana mchanga ukinasa pale hukwangua rimu. Mtu akitaka kusimama, alikanyaga tairi la mbele kwa soli ya katambuga yake, kiatu cha tairi la gari, basi. Watoto walijifunza hivyo kabla hawajajua hata kukata kona. Mwalimu Adelard, ambaye alikulia milimani, aliwakataza kabisa. Alisema kwenye mteremko mrefu mguu si breki. Aliagiza kila baiskeli irudishiwe mipira, na kwamba baiskeli isiyo na breki nzuri haitapanda treni, wala mwenye nayo.

Kazi ya kukagua alimpa Mwamvita, kwa sababu alikuwa na mikono mitulivu na hakuwa mtu wa kulipua kazi.

Siku moja kabla ya safari, Mwamvita alikuta baiskeli mbili zina mipira iliyokwisha kabisa: ya Avelina na yake mwenyewe. Kwenye kasha alilopewa na mwalimu ilikuwa imebaki mipira ya baiskeli moja tu. Alikwenda kwa fundi Jamali, naye akasema hana mingine mpaka wiki ijayo. Mwamvita alirudi akakaa chini kando ya baiskeli zile mbili. Akisema kweli, mmoja wao atabaki. Na kama mwalimu atachagua, atamchagua Avelina, maana Avelina ndiye hodari. Alikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikamfikia. Kisha akafunga mipira mipya kwenye baiskeli yake. Ile chakavu ya Avelina akaisugua kwa kitambaa mpaka ikaonekana myeusi na mizima.

"Zote tayari?" Mwalimu aliuliza.

"Zote tayari, Mwalimu."

Mwalimu hakuinama kuangalia. Alimwamini.

Barabara ya kutoka Mombo ilipanda kwa kujikunja, hata wakitazama chini waliona kipande walichopita asubuhi kiko chini ya miguu yao. Soni walisimama kutazama maji yakianguka mwambani. Ukungu uliwashukia mabegani, na watoto wa huko, waliovaa masweta mazito, waliwauzia peasi na kuwashangaa jinsi wanavyotetemeka. Avelina aliongoza tangu chini. Kila kona alisimama kuwasubiri wenzake.

"Watu wa pwani, pumzi imewaishia?" aliuliza.

"Na wewe wa wapi, si wa Temeke hapo hapo?" Mwamvita alimjibu, na wote wakacheka. Kwa muda mfupi alisahau alilolifanya.

Walilala Lushoto. Kesho yake, baada ya kupita msitu wa Magamba, barabara ilianza kuteremka. Mwalimu aliwasimamisha na kuwaambia kila mtu ajaribu breki zake. Avelina alizibana, akazibana tena, kisha akamgeukia rafiki yake.

"Mbona yangu inakamata kidogo sana?"

Maneno ya kweli yalifika hadi kwenye ulimi wa Mwamvita. Wenzao walikuwa wamekwisha panda baiskeli zao. Mlalo ilikuwa mbele, chini ya ukungu.

"Ikipata joto itakamata," alisema.

Wakateremka. Kwenye kona ya pili Mwamvita alimwona Avelina akimpita kwa kasi, amebana breki kwa mikono yote miwili, na baiskeli haipunguzi mwendo. Alimwona akifanya walivyofanya wote tangu utotoni: akanyoosha mguu na kukanyaga tairi la mbele. Soli ilitoa moshi. Kisha mguu ukavutwa kati ya tairi na chuma, na baiskeli ikampindukia juu ya mawe.

Hawakufika Mlalo. Avelina alifungwa plasta ngumu katika hospitali ya Lushoto, kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, kisha wote wakarudi kwa treni.

Nyumbani, maneno yalimwangukia aliyeumia. Soli ya katambuga yake ilikuwa imeungua, na kila aliyeiona alisema hivyo hivyo: ulikatazwa, ukakanyaga tairi. Avelina alieleza kwamba breki hazikukamata. Lakini baiskeli ilikuwa imevunjikavunjika na kuachwa huko huko mlimani, na hapakuwa na cha kukagua. Mwalimu Adelard alimwita Mwamvita, akamuuliza kwa upole kama kweli aliikagua. Alijibu kwamba aliikagua. Basi Avelina akaonekana mkaidi, tena mwongo. Mwalimu Mkuu alisimamisha safari zote za baiskeli, na wanafunzi waliokuwa wakiingoja zamu yao walimchukia msichana ambaye hakuweza hata kusimama kuwajibu.

Mwamvita hakupatwa na neno. Mama yake alimsifu mbele ya majirani kwamba yeye husikia anachoambiwa. Kila aliposifiwa, Mwamvita aliondoka akaenda zake uani. Aliacha kula vizuri. Baiskeli ya baba yake iliegemea ukutani na hakutaka kuiangalia. Darasani alikaa akiitazama njia ya chaki pembeni mwa ubao, na kiti kitupu pembeni mwake. Alijua kwamba hakuna siku itakayokuja kuwa rahisi kuliko leo, na bado leo ilipita, na kesho yake ikapita.

Siku moja jioni alikwenda kumwona Avelina. Kando ya mlango alikuta sanduku la bati limefungwa kamba.

"Nakwenda Newala kwa bibi," Avelina alisema, macho kwenye dari. "Baba kasema. Meli ya Jumamosi, kisha lori. Kasema mtoto asiyesikia na anayesema uongo, mjini atapotea."

"Na mtihani wa darasa la saba?"

"Basi tena." Kisha akasema polepole, "Siku hizi nafikiri labda ni kweli. Labda breki zilikuwa nzima, mie ndiye niliyekosea. Sikumbuki vizuri."

Hayo ndiyo yaliyomvunja Mwamvita. Angeweza kuvumilia Avelina amtukane. Kumsikia akiacha kuiamini akili yake mwenyewe, hilo hakuliweza. Alitoka bila kuaga. Nyumbani alichukua spana, akaifungua ile mipira ya breki kutoka kwenye baiskeli yake, akarudi nayo mkononi.

Baba yake Avelina, Mzee Albano, alikuwa mchonga vinyago. Alikuwa ameketi uani, gogo la mpingo kati ya miguu, vumbi jeusi magotini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mwamvita aliiweka mipira ile juu ya mkeka mbele yake. Alieleza yote tangu mwanzo: kasha, fundi Jamali, kitambaa, na neno alilolisema kule juu kabla ya kuteremka. Hakujitetea. Mlangoni alisikia gongo likigusa sakafu. Avelina alikuwa amesimama pale, anasikiliza.

"Ulijua?" Avelina aliuliza.

"Nilijua."

Avelina akageuka, akarudi ndani. Gongo lake lilisikika mpaka kitandani.

Mzee Albano aliokota mpira mmoja, akaugeuzageuza vidoleni kama anavyogeuza kipande cha mti kutafuta ufa. Mwamvita alingoja kipigo au makelele. Mzee aliinuka, akafungua kamba ya sanduku la bati na kulirudisha ndani. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwanangu nimemwita mwongo kwa mdomo huu," alisema. "Hilo ni langu, nitalijibu mwenyewe. Lako nalo sikiliza. Siku ile ya mipira uliogopa kuachwa. Woga huo naujua, kila mtu anao. Lakini baada ya pale, kila ulipoamka ukanyamaza, ulikuwa unamwangusha upya. Kosa ukilisema siku ile ile, linabaki saizi yake. Ukilifunika, wanalibeba watu wasiohusika."

Kesho yake Mzee alikwenda naye shule. Mwamvita alirudia maneno yale mbele ya darasa. Waliomchukia Avelina waliinamisha vichwa. Mwalimu Adelard alisema naye ana kosa, kwamba jambo la uhai wa watoto alilipokea kwa neno tu bila kuinama akaona kwa macho. Mwamvita alipewa adhabu, akaifanya. Safari hazikurudishwa mwaka ule.

Avelina alibaki Temeke, lakini mguu ulipofunguliwa haukukunjika vizuri tena. Kwa hiyo kila asubuhi Mwamvita alifika mlangoni kwao na baiskeli, breki za pande zote mbili zimefungwa mipira mipya, akampakia kwenye keria, akamsukuma mpaka shule. Kwa siku nyingi Avelina hakusema naye neno. Alipanda, alishuka, akaenda zake akichechemea.

Asubuhi moja, kwenye kile kimteremko kifupi cha kuingilia shuleni, Mwamvita alihisi mkono umekamata mgongo wa gauni lake kwa nguvu. Akasimama, akamgeukia.

"Zinakamata?" Avelina aliuliza.

"Zinakamata. Lakini usinisikilize mie. Shika mwenyewe ujaribu."

Avelina alinyoosha mkono juu ya tandiko hadi kwenye usukani, akabana breki, akaitikisa baiskeli mbele na nyuma. Haikusogea. Akarudisha mkono kwenye keria.

"Twende," alisema.